Mtumbwi Hufuata Ulipokaa

Mtumbwi ukikuvuta upande, usikimbilie kulaumu kafi wala fundi aliyeuchonga. Angalia kwanza umekaa wapi.

Nilikuwa na miaka 14 baba mdogo aliponiachia mtumbwi wake wa mbao peke yangu, mwaloni Katonga, Ziwa Tanganyika. Nikaenda moja kwa moja kukaa ubao wa nyuma kabisa, kwa sababu ndipo nilipozoea kumwona yeye. Upepo wa kusi, utokao kusini, ulikuwa umeanza. Nikipiga kafi kwenda mbele, pua ya mtumbwi inageukia kaskazini. Nikiirudisha, inageuka tena. Nilirudi viganja vimechubuka, nikamwambia, "Baba, mtumbwi huu una kasoro."

Aliingia majini mpaka magotini, akaniambia nibaki nilipokaa na nitazame mbele. Pua ilikuwa juu hewani, nyuma kumezama karibu na ukingo. "Mimi nikikaa hapo," akasema, "mbele yangu kuna mtu na nyavu. Wewe mbele yako kuna nini?"

Tangu siku hiyo nimefundisha vijana wengi, na hapo ndipo ninapoanzia. Upande uliozama umeshikwa na maji. Upande ulioinuka haushikwi na kitu, kwa hiyo upepo unaupeleka unakotaka. Ukiwa peke yako, kaa nyuma ya katikati kidogo tu, kama shubiri mbili. Ukilazimika kukaa nyuma zaidi, weka mbele dumu la lita 20 lililojaa maji. Hizo ni kilo 20, na utaona pua inatulia.

Huna mtu wa kukutazama kutoka ufukweni? Mwaga kopo moja la maji ndani ya mtumbwi, maji yakiwa shwari. Yakikimbilia nyuma, sogea mbele. Yakikimbilia mbele, rudi. Watu wa pwani wana methali: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini ndani yake, maji yanapokusanyika. Wanaitumia kwa mambo ya maisha, lakini mimi naishika kama ilivyo, maana maji ya ngamani hayajawahi kunidanganya. Ukishajua, yafue yote, yaani yateke uyamwage nje, kwa sababu maji yanayotembea ndani ni mzigo unaohama kila mtumbwi unapoinama.

Kipimo hicho ni cha maji matulivu. Miezi ya Mei hadi Septemba kusi ikishika kasi, badilisha. Ukitoka Katonga kuelekea Kibirizi, kaskazini, mawimbi yanakuja mgongoni: sogeza uzito nyuma kidogo, pua isichimbe maji. Pua ikichimba, nyuma hubebwa na wimbi, mtumbwi hukaa ubavu, na wimbi linalofuata huingia ndani. Hili ndilo ninalolihofia kuliko yote. Wakati wa kurudi unaukabili upepo, basi sogeza uzito mbele kidogo ili pua ishike njia. Kidogo. Ukizidisha utakuwa unakunywa kila wimbi.

Mawimbi yakikua, acha ubao, piga magoti sakafuni. Magoti yawe mbalimbali, kila moja karibu na ubavu wake, makalio yaegemee ubao. Uzito wako umeshuka, na magoti yanakuambia mtumbwi unainamia wapi kabla macho hayajaona. Kiuno kiyumbe na mtumbwi, kichwa kibaki juu ya katikati. Anayekaza mwili mzima ndiye anayepinduka.

Kusimama ni shughuli nyingine, na wavuvi wa mshipi wanaihitaji wanapovuta samaki mzito kama mgebuka. Miguu ikibanana, mtumbwi unabingirika chini yako kama gogo. Ukiitanua mno, nyayo zinapanda kwenye mbavu za mtumbwi, zinateleza, na nyonga zinafungika usiweze kuyumba. Upana wa mabega unatosha, mguu mmoja kila upande wa mstari wa katikati, mmoja umetangulia nusu wayo, magoti yamelegea. Mimi hutanguliza wa kushoto. Wewe tanguliza ule unaoutanguliza ukisukumwa ghafla kutoka nyuma. Samaki akivuta, usimfuate kwa kifua. Shuka kwa magoti.

Jifunzie kusimama asubuhi, upepo ukiwa haujaamka, kwenye maji ya kiunoni, jaketi la kuokolea likiwa mwilini. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 pale panapozidi, na hata huku kwetu ukingo wa ziwa hushuka ghafla, kwa hiyo usijaribie mbele ya hapo unaposhuka. Toa nyavu na ndoana zote, acha dumu peke yake katikati, limelazwa sakafuni na kufungwa kamba. Simama, hesabu mpaka 20, piga magoti, simama tena. Kisha mwambie mwenzako aliye majini autikise mtumbwi bila kukuambia ni lini.