Unaagiza mzigo mtandaoni kutoka nje? Cheki haya kabla hujatuma hela

Kuna kitu kimoja watu wengi wanakosea na kinawamalizia mtaji, wanadhani forodha wanaangalia umenunua wapi. Hapana, wanaangalia kitu kimetengenezwa wapi. Umeona raba kwenye peji ya dada mmoja wa Nairobi, ukajiambia Kenya si wenzetu wa Afrika Mashariki, hakuna ushuru, ukatuma hela, mzigo unafika Namanga, mpakani kuingia Tanzania, unaambiwa lipa. Sababu zile raba ni za China, Nairobi zimepita tu. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005 na unaondoa ushuru kwa bidhaa zilizotengenezwa humu humu ndani kwetu, tena ziwe na karatasi ya kuonyesha hivyo.

Kwa hiyo kabla ya bei, muulize muuzaji: hii imetengenezwa wapi, na cheti cha asili ya bidhaa utanipa? Akianza kuzunguka zunguka jua hakipo, hesabu ushuru wote. Kenya vyeti hivyo vinatolewa na KRA, mamlaka yao ya mapato. Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 una njia nyepesi, cheti rahisi kinajazwa pale pale mpakani, ila bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Na hapa wengi hawajui: hata ushuru ukisamehewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inabaki, 18% yako unalipa. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo nasi tumo, nao wana utaratibu wa namna hiyo, kitu cha Afrika Kusini kikija na cheti cha SADC kinaweza kupata nafuu. Ukiagiza China hakuna nafuu hiyo.

Sasa hesabu, na uifanye kwenye daftari kabla hujabonyeza kulipa. Ushuru wa Jumuiya kwa vitu vya nje una madaraja manne, 0%, 10%, 25% na hilo la 35% lililoongezwa 2022, na nguo ziko huko juu. Tuseme umechukua magauni 20 ya dola 10 kila moja, jumla dola 200, yanakuja kwa meli, usafiri dola 45, bima dola 5. Forodha hawaanzii kwenye 200, wanaanzia 250, yaani bei pamoja na usafiri na bima. 35% ya hapo ni 87.50. Halafu VAT inakokotolewa juu ya 337.50, sio juu ya 250, inakuja 60.75. Jumla ya ushuru na VAT ni dola 148.25, na bado kuna tozo ndogo ndogo na hela ya wakala. Gauni uliloona la dola 10 linakuwa limeshakugharimu karibu 20 halijafika dukani. Ukiijua mapema unapanga bei yako vizuri, ukiijua mzigo ukiwa tayari bandarini unalia.

Halafu tafadhali usikubali muuzaji aandike bei ya uongo kwenye invoisi. Wanapenda kusema "nitaandika zawadi, dola 20", wanaona wanakusaidia. Mwaka wa kwanza naagiza nilikubali, afisa akakataa ile bei, akatumia bei ya mizigo inayofanana na wangu, na kila siku tuliyobishana ada ya stoo ilikuwa inaongezeka. Nililipa zaidi ya ambavyo ningelipa kwa invoisi ya kweli. Tunza risiti ya malipo na skrinshoti ya oda, ndo utetezi wako.

Vipodozi, chakula na dawa usiguse kabla ya kuuliza kibali, vipodozi na chakula ni TBS (shirika la viwango), dawa na vifaa tiba ni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Krimu zenye haidrokwinoni au zebaki zimepigwa marufuku, hizo hata ulipe ushuru mara mbili hazitoki.

Mwisho mtu wa kago. Wengi tunatumia hawa wa kulipia kwa kilo mpaka Dar, ni rahisi kweli, ila uliza kwa maandishi ile bei ina kodi ndani au haina. Ukitumia wakala wa forodha mwambie akupe kontrol namba ulipe mwenyewe serikalini, usimpe keshi ya kodi mkononi. Mimi naomba pia picha ya boksi likiwa juu ya mizani kabla halijapakiwa, maana kuna mara nililipia kilo 14, nilipopima nyumbani ikawa 11, na sikuwa na kitu cha kuwaonyesha.