Kuunganisha miti bila musumari: ulimi, tundu na kigingi

Wandugu jambo sana. Tangu niseme ile treto yangu ya kukatia mbao haina hata musumari moja, watu hawaniachi, njo leo naandika somo yote.

Kwetu Goma nyumba ya mbao ni kitu ya kila siku, juu chini ni mawe ya volkano, kuchimba fondasio ni taabu, na kisha lava ya 2002 na ile ya 2021 watu wengi walianza upya na mbao na bati. Lakini tunapiga tu misumari. Muti inakauka, inasinyaa, musumari inabaki inacheza, mvua inaingia palepale, kutu inakula, na kisha miaka kidogo ukuta inalia kila upepo ikipita. Kiungo cha muti kwa muti hakina kutu: ncha ya muti moja unaichonga iwe nyembamba (ulimi), inaingia ndani ya shimo ya muti ingine (tundu), na kijiti kigumu (kigingi) kinapita katikati kuzishika. Anza na kiungo kimoja, ukijue vizuri, nyumba itakuja yenyewe.

Vyombo: musumeno, patasi ya sentimeta 3 (ile tunaita sizo), nyundo ya muti, ekeri (ya kupimia kona kama iko sawa), keekee ya milimeta 15, penseli yenye ncha. Patasi inole mpaka inyoe nywele za mukono, kweli nywele za mukono. Patasi butu inasukumwa kwa nguvu, na nguvu njo inakata vidole.

Hatua ya 1. Chukua vipande viwili vya muti wa sentimeta 10 kwa 10, sipresi kama unajifunza. Kila kipande kina uso mubaya na uso muzuri. Chagua nyuso mbili nzuri zinazogusana, hakikisha na ekeri kama ziko sawa, weka alama, na kuanzia hapo vipimo VYOTE pimia kwenye hizo nyuso, usipimie upande mwingine hata kama uko na haraka. Muti wetu wa kupasuliwa na musumeno wa mukono hauko sawa pande zote, huku 10, kule 9 na nusu, ukipimia huku na kule kiungo kitapinda na hautajua kosa ilitoka wapi.

Hatua ya 2. Chora. Ulimi unene wake ni kama theluthi ya muti, kwa hiyo 3 kwenye 10, na urefu wake 7. Tundu lichore 3 vilevile lakini kina chake 7 na nusu. Ile nusu ni muhimu, juu ulimi ukigonga chini ya tundu, mabega (pale muti unabaki munene, kwenye mwanzo wa ulimi) hayatafunga.

Hatua ya 3. Chimba tundu kwanza. Toboa na keekee mashimo yanayofuatana, kisha safisha na patasi. Kama tundu liko karibu na mwisho wa muti, acha sentimeta 20 za ziada, utazikata kisha kazi kuisha. Mimi ya kwanza sikuacha, nilipiga patasi mara tatu, muti ukalia "tá" na ukapasuka mpaka mwisho, siku mbili za kazi zikaenda jikoni kupika maharagi.

Hatua ya 4. Kata ulimi kufuata tundu, na ukate nje kidogo ya mustari, kisha punguza na patasi polepole. Unatakiwa uingie kwa kusukuma na mikono na kugonga kidogo. Ukiingia wenyewe, umekata sana.

Hatua ya 5, na hapa tulia. Toboa shimo ya kigingi kwenye mashavu ya tundu (kuta zake mbili za kando), ulimi ukiwa haumo, sentimeta 3 toka pale bega litakaa. Ingiza ulimi, pitisha ncha ya keekee ndani ya ile shimo, itaacha alama kwenye ulimi. Toa ulimi. Sasa usitoboe pale kwenye alama! Sogea milimeta 2 kuelekea bega (muti mulaini 3), toboa hapo. Ukirudisha ulimi na kuchungulia utaona mashimo hayalingani, kama mwezi uliokatwa. Kigingi chenye ncha kikipita pale kinapinda kiasi na kinavuta bega mpaka lifunge kabisa, utaona ile mustari mweusi kati ya miti mbili inapotea mbele ya macho yako. Mimi mpaka leo nikiiona nafurahi.

Kigingi usikikate na musumeno. Pasua na shoka toka muti mugumu, mukavu, wenye nyuzi zilizonyooka, kisha chonga na kisu. Ukipasua, nyuzi zinapita toka mwanzo mpaka mwisho. Ukikata, zinakatika njiani na kigingi kinavunjika ndani.

Maswali

Dada wa Ndosho: Fundi, mukaratusi inafaa? Njo inapatikana bei ya chini.
– Inafaa, dada, ni ngumu na ina nguvu, lakini inapasuka na kujipinda ikikauka. Paka rangi kwenye ncha zote mbili siku ileile ya kukatwa, panga kivulini na vijiti katikati, na uache ile iliyojisokota.

Kaka wa Sake: Lazima muti ukauke kwanza?
– Hapana, kaka. Kigingi njo lazima kikauke. Mubichi ni rahisi kuchimba. Paa ya Notre-Dame ya Paris, iliyoungua tarehe 15 Aprili 2019, walirudisha mbavu zake na mwaloni mubichi, wakichonga na shoka, viungo vya ulimi na vigingi. Muti unasinyaa sana kwa upana, kwa urefu karibu hapana, njo maana kile kigingi cha kuvuta kinasaidia: kinaendelea kubana.

Papa wa Katindo: Na kole (gundi)?
– Papa, kwa kiti sawa. Kwa nyumba hapana, utataka siku moja kutoa nguzo moja iliyooza, unagonga kigingi, unaweka ingine.

Yaya wa Bukavu: Ardhi ikitetemeka, fremu itasimama?
– Yaya, nguzo na boriti peke yake hapana, vitalala kama sanduku isiyo na chini. Weka muti wa mushazari kila kona, pande zote mbili, na wenyewe uwe na ulimi na kigingi. Na kabla ya kufunga pima kona: sentimeta 60 huku, 80 kule, kati ya hizo alama mbili upate 100 kamili. Ukipata 101, legeza, usilazimishe.