Jinsi ya kuhakiki ujumbe wa dini kabla hujausambaza

Kwenye magrupu ya familia, ujumbe wa dini hupita bila kuulizwa. Habari ya siasa mtu atauliza imetoka wapi. Ukiandikwa "Mtume amesema" au "Neno linasema", wote wanaitikia amina na kuutuma mbele. Tatizo ni kwamba ukikosea hapo umemsemea Mungu au Mtume jambo ambalo hakulisema, na dini zote mbili, Ukristo na Uislamu, zinalikemea hilo waziwazi. Mithali 30:6 inasema: "Usiongeze neno katika maneno yake." Nayo hadithi, yaani masimulizi ya maneno ya Mtume, iliyopokewa na wakusanyaji Bukhari na Muslim inamwambia anayemzulia Mtume uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake motoni.

Kuhakiki ujumbe mmoja huchukua kama dakika 10. Unahitaji Biblia, au msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, na simu hiyo hiyo uliyoupokelea.

Anza na vitisho. Ujumbe unaokuamuru utume kwa watu 10 au 20 upate baraka, na ukiupuuza utapatwa na msiba, uache hapo hapo. Huna haja ya kwenda mbele zaidi. Mfano wake mkongwe ni wosia wa Sheikh Ahmad, anayetajwa kuwa mtunzaji wa kaburi la Mtume kule Madina, aliyedaiwa kuota ndoto. Wosia huo ulizunguka kwa karatasi za kunakiliwa, ukaja kwa fotokopi, na sasa uko kwenye simu. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa mufti wa Saudi Arabia, aliandika waraka mzima kuukanusha, na bado unarudi. Tazama pia alama iliyo juu ya ujumbe: mishale miwili kwenye WhatsApp ina maana umeshasambazwa mara nyingi, mkono kwa mkono, mbali na aliyeuandika. Haimaanishi ni uongo, ila aliyekutumia huenda hajui ulikotoka.

Hatua ya pili ni kutafuta marejeo, na hapa ndipo pa kutulia.

Kama ni aya ya Biblia, lazima iwe na kitabu, sura na mstari. Fungua mwenyewe, usitegemee picha yenye maua. Baadhi ya maneno yanayonukuliwa kila siku hutayakuta popote. "Jisaidie nikusaidie" hayamo kwenye Biblia. Kilicho karibu ni 2 Wathesalonike 3:10, kuhusu asiyetaka kufanya kazi kwamba asile, na hilo ni jambo jingine. "Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu", inayopendwa sana majira ya uchaguzi, nayo haimo. Msemo huo unaonekana katika barua ya Alcuin, mwanachuoni aliyefariki mwaka 804, aliyekuwa akimwonya mfalme Charlemagne asiwasikilize wanaousema. Kutoka 23:2 inakwenda kinyume chake kabisa: "Usiandamane na mkutano kutenda uovu."

Kuna kosa ambalo wahakiki wengi hulifanya hapa. Wanafungua Biblia moja, hawaoni kitabu kilichotajwa, wanatangaza kwamba ni uzushi. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti ina 66. Tobiti, Hekima na Yoshua bin Sira utavikuta katika ya kwanza tu. Zaburi nazo zina hesabu mbili, kwa hiyo Zaburi ya 23 kwenye baadhi ya vitabu vya sala vya Kikatoliki ni ya 22. Maneno pia hutofautiana kati ya tafsiri ya Union Version na ya Habari Njema. Tofauti ya tafsiri si kughushi.

Kwa Qur'ani, angalia kwanza kama namba yenyewe inawezekana. Sura ni 114, na ndefu kuliko zote, Al-Baqara, ina aya 286. Ukitajiwa "Al-Baqara 301", umemaliza kazi. Namba ikiwezekana, linganisha tafsiri mbili: ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya mwaka 1995 zinapatikana kwa urahisi. Zikikubaliana katika maana huku ujumbe ukisema jingine, wenye kasoro ni ujumbe.

Hadithi inadai kazi zaidi. Neno "Mtume amesema" peke yake si marejeo. Unatafuta vitu vitatu: imo katika kitabu gani, imepokewa kwa nani, na daraja lake ni lipi, yaani sahihi, hasan (nzuri, chini kidogo ya sahihi), dhaifu au ya kuzushwa. Namba za hadithi hubadilika kati ya chapa na chapa, kwa hiyo jina la mlango, yaani sehemu ya kitabu iliyomo, husaidia kuliko namba. Ukienda kwa sheikh au ustadhi usimuulize "Eti hii ni kweli?", maana atakujibu kwamba maana yake ni nzuri, nawe utaondoka bila jibu. Uliza hivi: "Hadithi hii iko kitabu gani, na wanachuoni wameipa daraja gani?"

Chukua "Tafuteni elimu hata ikiwa China", iliyobandikwa hata kwenye kuta za madarasa. Mwanachuoni Ibn al-Jawzi aliiweka katika mkusanyiko wake wa hadithi za kuzushwa. Ukitaka kuhimiza elimu, iko ile ya Ibn Majah, mkusanyaji mwingine wa hadithi, kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, ambayo wanachuoni wengi wameikubali. Kuwa na badala mkononi kunasaidia sana. Mtu huacha nukuu mbovu kwa wepesi akipewa nzima ya kushika.

Marejeo yakipatikana, bado hujamaliza. Soma aya tano juu na tano chini. Ujumbe mwingi unaopotosha una maneno ya kweli kabisa, yaliyokatwa. "Ole wao wanaosali" ipo katika Al-Maun, aya ya 4. Ya 5 inaeleza ni wale wanaopuuza sala zao. "Msikaribie sala" ipo katika An-Nisaa 43, na inaendelea papo hapo: hali mmelewa. Kwa Wakristo, Yeremia 29:11, yenye mawazo ya amani na tumaini, inabandikwa kwenye kadi za mahafali kama ahadi ya kazi na nyumba karibuni. Aya ya 10, moja tu juu yake, inawaambia watu waliokuwa uhamishoni Babeli kwamba watakaa miaka 70. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote", inafuata mstari ambamo Paulo anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Wanaoitumia kuahidi ushindi wa mpira na utajiri hawakusoma mstari wa 12.

Kipande cha video cha mhubiri kinapimwa vivyo hivyo. Tafuta mahubiri kamili, usikilize angalau dakika 2 kabla ya kipande na 2 baada yake. Wahubiri wazuri hutaja kwanza hoja wanayoipinga, kisha huijibu. Ukikata hapo katikati, anaonekana anaifundisha. Siku hizi sauti na uso huigwa pia kwa akili bandia, kwa hiyo kipande kisichopatikana kwenye ukurasa rasmi wa msikiti, kanisa au mhubiri mwenyewe usikitume.

Nukuu za watu mashuhuri hazina tofauti kubwa: dai mwaka, mahali na hotuba. Maneno kuhusu "hofu yetu kuu" anayobandikwa Nelson Mandela kwamba aliyasema akiapishwa tarehe 10 Mei 1994 hayamo kwenye hotuba ile. Ni ya mwandishi wa Marekani Marianne Williamson, aliyeyachapisha mwaka 1992. Mwalimu Nyerere anasingiziwa mengi pia, ilhali maandishi yake yamechapwa na yanasomeka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 linataja mambo manne ya kuleta maendeleo, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Anayekuletea orodha nyingine, mwambie akuonyeshe ukurasa.

Sasa umegundua kosa, na aliyelituma ni baba mkubwa. Usimjibu kwenye grupu. Kumsahihisha mzee mbele ya wajukuu kutamfanya atetee kosa badala ya kulitazama, na grupu zima litagawanyika juu ya adabu, hadithi yenyewe isahaulike. Mwandikie pembeni, kwa mfano hivi:

"Shikamoo baba mkubwa. Nimeona ile hadithi uliyotutumia asubuhi. Nimeitafuta sijaipata kwa Bukhari wala Muslim, na wanachuoni wanasema haikuthibiti. Kuna hii ya Ibn Majah yenye maana hiyo hiyo, nakutumia. Ukiona inafaa, uiweke wewe kwenye grupu."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi: heshima ya kusahihisha inabaki kwake. Epuka maneno "fake" na "uongo", maana yeye hakuzua, alipokea. Asipojibu kwa siku mbili, weka ile sahihi kwenye grupu bila kumtaja.

Ujumbe wenye namba ya kutuma pesa ndio pekee usiosubiri adabu hiyo, kwa kuwa watu wanatuma wakati huo huo. Picha ya mgonjwa, nabii anayeomba mbegu ya imani, ujenzi wa msikiti: piga kwa namba unayoijua ya ofisi ya kanisa au ya katibu wa msikiti, si ile iliyo kwenye ujumbe. Ipitishe picha kwenye Google Lens, huduma ya kutafuta kwa picha, uone kama imeshatumika na jina jingine. Kabla ya kuthibitisha muamala, jina la mwenye namba huonekana kwenye mitandao mingi. Likiwa la mtu binafsi ilhali ujumbe umetaja taasisi, simama. Na hapo waandikie grupu nzima: "Tusitume kwanza, naulizia."

Kama wewe mwenyewe umeshausambaza ujumbe mbovu, WhatsApp inakuruhusu kuufuta kwa wote ndani ya siku 2 na saa 12 hivi. Muda huo ukipita, ujibu ujumbe wako mwenyewe ili uonekane juu ya maelezo, uandike marejeo sahihi, kisha uyapeleke marekebisho hayo kila grupu ulikoupeleka ule mbovu.