Nyumba yenye watoto: kagua haya kabla msimu wa kupulizia haujaanza

Mwezi wa tano ukielekea ukingoni, huku Tandahimba, Newala hadi Masasi kila mtu anaulizia kama salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, imefika chama cha msingi cha ushirika. Mwenye watoto wadogo azunguke nyumba yake wakati huo, kabla mzigo haujaingia ndani.

Ya haraka kwanza. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, tundu lishonwe. Kadi ya kliniki itazamwe, chanjo iliyorukwa ifuatiliwe. Choo cha shimo kiwe na mfuniko, na maji na sabuni vikae pale pale nje ya choo. Kibatari, kama bado unacho, kikae juu na mbali na chandarua. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata mvua inyeshe vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu, waliolala hawashtuki.

Kisima cha uani kinataka maneno zaidi. Huku juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida, ndiyo maana nyumba nyingi zimechimba kisima cha kuvunia mvua ya bati. Kipande cha bati kilichowekewa jiwe juu si mfuniko. Tafuta fundi akutengenezee wa mbao nzito au chuma, wenye kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima. Ndoo nayo usiidharau: mtoto anayejifunza kusimama akiinamia ndoo ya maji akatumbukia kichwa, hawezi kujitoa.

Sasa dawa ya mikorosho, na hapa tukae kidogo.

Jirani yetu alirudi shambani jioni, hoi, na dawa ya maji imebaki kwenye mashine. Kuimwaga akaona hasara, maana dawa ni pesa. Akaimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaisukuma uvunguni apulizie kesho yake. Dawa nyingi za aina hiyo zikichanganywa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Asubuhi baba ameshatoka, mama yuko uani anaosha vyombo, mtoto wa miaka mitatu akaiona chupa.

Tulikimbilia ukelele. Kila aliyefika alikuja na tiba yake. Mmoja kaleta maziwa, mtoto kanyweshwa kikombe kizima. Mwingine akamtia kidole kooni atapike. Bibi yake akawa anahimiza mafuta ya kula. Tukampata bodaboda, na kule kituo cha afya daktari akauliza jambo moja: dawa gani? Hakuna aliyejua. Chupa ilikuwa na karatasi ya maji ya kunywa. Baba alipopatikana kwenye simu akajibu, "Ile ya mikorosho." Lakini ya mikorosho ni ipi? Kuna ya ugonjwa wa ubwiri unga, kuna ya mdudu aitwaye mbu wa mikorosho, na matibabu hayafanani. Sumu za jamii ya oganofosfeti zina sindano yake, atropini. Nyingi nyingine hazina. Mgonjwa anasaidiwa apumue na kuangaliwa kwa karibu. Daktari akabaki anasoma dalili huku mtu ametumwa shambani kutafuta chupa yenyewe iliyotupwa kwenye majani.

Mtoto alipona. Kilichomlaza muda mrefu kilikuwa kifua, kwa sababu katika kutapishwa kule matapishi yalimwingia kwenye mapafu.

Kwa hiyo sikiliza. Dawa haihami kutoka chupa yake, hata iliyobaki tone. Changanya ya kutosha siku hiyo tu. Isilale chumba wanacholala watu wala jikoni. Weka sanduku la kufuli kwenye banda, juu. Chupa tupu itobolewe isije ikageuzwa ya kuchotea maji. Mtoto akishakunywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, akilegea mlaze ubavu, na muondoke mara moja. Chupa ya dawa muende nayo. Namba ya bodaboda anayepokea simu usiku iandikwe ukutani, isikae kwenye simu ya baba peke yake. Hayo hayo yanahusu mafuta ya taa, ambayo bado naona watu wanayanunua kwa chupa za soda.

Salfa ya unga watu wanaiona nyepesi kwa sababu wameizoea. Inawasha macho na kifua, na inashika moto, basi isirundikwe karibu na jiko. Mfuko wake wa kilo 25 ni imara, najua, ila usiutie makopa ya muhogo wala mahindi. Ukirudi kupulizia, vua nguo nje na uoge kabla hujampakata mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Msimu wa kuokota ukifika, watoto watataka kuchoma korosho wenyewe. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na ganda likiwa motoni yanaruka hadi machoni. Abangue mkubwa. Yakimwingia jichoni, osha kwa maji safi robo saa nzima ndipo umpeleke. Na madumu ya uraka, pombe ya mabibo, yasikae sebuleni, mtoto anajua ni maji ya mabibo tu.

Kuni zisiegemezwe ukutani karibu na mlango, nyoka wanapenda hapo. Vidonge vya presha vya wazee vifungiwe. Wa Mikindani na Lindi mjini, mjue watoto wako pwani na nani maji yanapojaa. Na wakienda likizo kwa bibi, kagua na huko kabla hujaaga. Uvungu wa bibi nao una mambo yake.