Ukienda kwa daktari bingwa mpya, mpelekee na asubuhi yako

Nina baridi yabisi, huu mwaka wa tisa. Nashona nguo Makambako, na kliniki yangu iko Mbeya. Mwaka jana bingwa aliyekuwa ananiona alihama, ikabidi nianze upya kwa mwingine, na sikutaka kurudia kosa la zamani.

Kosa lenyewe ni hili. Naamka vidole vimekaza. Saa kumi na mbili siwezi kufunga kifungo cha blauzi wala kushika mkasi. Ikifika saa tano vimelegea. Sasa daktari unamwona saa ngapi? Saa saba, baada ya foleni. Anakuuliza, "Mama, unaendeleaje?" nawe, kwa adabu tuliyolelewa nayo, unajibu, "Tunamshukuru Mungu." Anatazama mikono, inakunja na kukunjua. Nilirudi nyumbani na dozi ileile, na miezi iliyofuata kidole changu cha shahada kikapinda. Hakijanyooka tena.

Kwa hiyo mpelekee asubuhi yako. Wiki mbili kabla ya kliniki, andika kila siku umeamka saa ngapi na viungo vimelegea saa ngapi. Baridi yabisi mara nyingi hukaza zaidi ya nusu saa, hata saa nzima na zaidi. Viungo vilivyochakaa kwa umri au kazi kwa kawaida hulegea mapema. Muda huo unamwambia daktari jambo. Piga picha ya mikono alfajiri, karibu na dirisha, ukijaribu kukunja ngumi. Mimi binti yangu ndiye alinipiga, maana simu yenyewe ilikuwa hainishikiki. Andika na kazi zilizokushinda: kukamua nguo, kumenya viazi, kufungua bomba. Hayo yana uzito kuliko "inauma sana".

Dawa zote zibebe na maboksi yake, pamoja na zile za mizizi na zile ulizojinunulia duka la dawa. Usiseme "natumia kidonge cha njano". Methotrexate, dawa inayotuliza baridi yabisi, mara nyingi ni kidonge kidogo cha njano, na asidi ya foliki, vitamini tunayopewa pamoja nayo, mara nyingi ni ya njano pia. Ndugu yangu, hapa naomba unisikie: kwa ugonjwa wetu methotrexate humezwa mara moja kwa wiki. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Kama unatumia prednisolone, dawa ya kushusha uvimbe, usiiache ghafla kwa sababu tu unaenda kwa daktari mpya. Na dada unayetarajia kubeba mimba, litaje hilo mapema kabisa, kwa kuwa methotrexate hudhuru mtoto tumboni.

Majibu ya damu na picha za eksirei weka kwenye bahasha moja, ya zamani chini, ya karibuni juu. Karatasi ya rufaa na bima hakikisha kabla hujapanda basi.

Ukitoka mbali, fika jana yake. Mimi hulala kwa wifi yangu anayekaa Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya, maana magoti yakikaa kwenye kiti cha basi hukaza kama asubuhi. Juni na Julai usisahau sweta na soksi nzito.

Ndani, salamu ikiisha, iache iishe. Daktari wangu mpya ni kijana, aliniamkia, nikaitikia, kisha nikaweka karatasi na simu mezani: "Mwanangu, hii ndiyo mikono yangu ya alfajiri." Alizitazama zile picha kimya, halafu akaanza kunibonyeza kiungo kimoja kimoja cha vidole, akiniangalia usoni. Hakuna aliyewahi kunipima hivyo.

Muulize dawa itaanza kufanya kazi lini, kwani nyingine huchukua wiki kadhaa, usije ukakata tamaa njiani. Muulize damu na ini vitapimwa lini, na ukipata homa ufanye nini. Halafu mwombe aandike siku ya dawa juu ya boksi kwa maneno. Langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu: JUMAPILI TU.