Kabla Hujanunua Vifaa vya Kupika Bia Nyumbani

Wengi wanaotaka kuanza kupika bia nyumbani hapa Tanga huanza kwa kutafuta sufuria kubwa inayong'aa, na fedha ikiisha, vile vitu vidogo vinavyomlinda mnywaji na waliomo nyumbani huahirishwa hadi siku nyingine. Nami nilifanya hivyo hivyo, na aliyeumia kwa kosa langu alikuwa mtoto. Kwa hiyo naomba usome hadi mwisho kabla hujatoa hata shilingi.

Amua kwanza kiasi. Lita 10 zinamtosha anayejifunza. Lita 20 ni mzigo wa zaidi ya kilo 20 za maji ya moto, na jiko la nyumbani huchukua muda mrefu kuzichemsha. Kwa lita 10 nunua sufuria ya lita 15 au zaidi, kwa sababu maji ya kimea (nafaka iliyooteshwa ikakaushwa) yakianza kuchemka huumuka na kumwagika kama maziwa. Sufuria ya alumini ya sokoni inafaa kabisa, na huna haja ya kungojea ya chuma cha pua. Ila usiisugue ndani kwa steelwire hadi ing'ae, kwa maana ule weusi hafifu ndio unaoikinga. Ndoo ya bati usiitumie hata kidogo, kwani bia ina asidi na asidi huyeyusha zinki iliyopakwa juu ya bati.

Ndoo ya kuchachishia iwe mpya, ya plastiki inayoruhusiwa kwa chakula, yenye alama ya glasi na uma chini yake, na mfuniko wake ubane. Dumu lililowahi kubeba rangi, mafuta ya taa au dawa ya shambani halioshwi likatakata, hata ukililoweka wiki nzima. Ndoo yenye mikwaruzo nayo iache, maana vijidudu hujificha humo na dawa haiwafikii. Dawa yenyewe ya klorini inafaa ikichanganywa na maji mengi kisha chombo kikasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, lakini usiichanganye na siki, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kipimajoto ni cha lazima mara mbili. Unapoloweka kimea kilichosagwa unataka nyuzijoto 65 hadi 68, na ukizidisha sana unaua vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Halafu wakati wa kuchacha, chachu nyingi za bia ya kawaida hupenda nyuzi 18 hadi 22, hali chumba cha Ngamiani wakati wa kaskazi hufika 30 bila taabu. Unaweza kuiweka ndoo ndani ya beseni la maji, ukaivika shuka chakavu lililoloweshwa na kuipulizia feni. Itapoa kwa nyuzi chache tu. Mimi nashauri ununue chachu inayostahimili joto, hasa ile ya asili ya Norwe iitwayo kveik, ambayo hufanya kazi vizuri hata katika nyuzi 35. Bia ya lager inayotaka baridi waachie walioko Lushoto, au ngoja hadi uwe na friji ya kazi hiyo peke yake. Hamira ya maandazi itachachisha, lakini haitui chini vizuri na ladha yake ya mkate haiondoki.

Sasa haidromita. Hiki ni kijiti cha kioo chenye uzito chini na alama shingoni, kinachoelea ndani ya silinda ndefu. Sukari ikiwa nyingi kinaelea juu, na kadiri chachu inavyoila sukari hiyo ndivyo kinavyozama. Bia ya kawaida huweza kuanza katika alama ya 1.048 na kuishia karibu na 1.010.

Nilipoanza sikukinunua. Nilikiona ni kitu cha maabara, chepesi kuvunjika, na tayari nilikuwa na kile kizibo chenye maji kinachobwabwaja gesi inapotoka. Nilijiambia kwamba kikinyamaza, kazi imekwisha. Siku ya 6 kikanyamaza. Sikujua kwamba mfuniko ulikuwa umekaa upande, gesi ilikuwa ikivujia hapo, na chachu ilikuwa ingali inakula sukari. Nikaongeza kwa kijiko sukari ya kutia gesi, ile ambayo chachu huigeuza gesi ndani ya chupa, nikajaza chupa 20, na kwa kuwa za kahawia hazikutosha, 7 kati ya hizo zilikuwa za juisi, za kioo cheupe chembamba. Nikazipanga chini ya kitanda cha chumba cha uani, ambamo wageni hulala.

Usiku wa siku ya 9 nilisikia mlio kama wa jiwe lililoangukia bati, na kabla sijafika mlangoni ukaja wa pili. Mpwa wangu wa darasa la 4, aliyekuja likizo kutoka Muheza, alikuwa amelala juu ya kitanda kile. Godoro lilimkinga, lakini alishtuka, akaruka chini gizani, miguu mitupu, juu ya vipande vya chupa. Alishonwa nyuzi 5 katika wayo. Asubuhi nilikuta kipande kirefu kama kidole kimechoma silingbodi na kung'ang'ania hapo. Dada yangu alipofika hakunigombeza. Alikaa sakafuni, akaupakata ule mguu uliofungwa bendeji, akaniuliza: "Kaka, ulijua kwamba zinaweza kupasuka?" Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeambiwa, nikadhani hayo huwapata wengine.

Kwa hiyo haidromita na silinda yake ndivyo vya kununua mwanzo, kabla hata ya sufuria, na ikiwezekana nunua haidromita mbili kwa sababu ni kweli huvunjika. Pima siku ya kwanza, uandike. Pima tena kizibo kikitulia, kisha baada ya siku 2 au 3. Alama ikiwa ile ile na iko karibu na ile uliyoitarajia, ndipo ujaze chupa. Ikiwa bado inashuka, ngoja. Tofauti ya alama 4 tu, yaani 1.014 badala ya 1.010, ni karibu gramu 8 hadi 10 za sukari katika kila lita, hali sukari ya kutia gesi haipaswi kuzidi gramu 6 au 7 kwa lita. Kumbuka pia kwamba haidromita nyingi zimewekewa alama kwa nyuzi 20. Katika nyuzi 30 husoma pungufu kwa alama 2 hadi 3. Bia uliyopimia usiirudishe ndooni, ionje.

Sukari hiyo ipime kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Kijiko kilinidanganya.

Chupa ziwe za bia, nzito, za kahawia, za kufungwa kwa kizibo cha bati na mashine ya mkono. Chupa za juisi, za sosi na za konyagi hazikutengenezwa kubeba mgandamizo wa gesi. Kila mara jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda, uwe unaiminya kila siku: ikiwa ngumu kama jiwe, peleka zote kwenye baridi na uzifungue ukiwa umevaa miwani na mikono mirefu, kila chupa ukiwa umeizungushia taulo.

Mengine ni ya tahadhari. Sufuria ya moto ibebwe na watu wawili. Chumba cha kuchachishia kisiwe stoo isiyopitisha hewa. Waulize unaoishi nao kabla, kwa maana harufu ya kimea huenea nyumba nzima na si kila mtu anaipenda au anairuhusu kwake. Usiuze bila leseni, na asikushawishi mtu kuanza kukeneka gongo, kwani kukeneka bila leseni ni kosa la jinai. Chupa zilizojazwa ziweke ndani ya sanduku la mbao lenye mfuniko, mahali pasipolala mtu wala pasipofikiwa na mtoto.