Kubana CD na DVD za gemu ziwe CHD, bila kupunguza kitu

Kwenye kibanda changu hapa Mwanjelwa, Mbeya, gemu za PS1 na PS2 zote zinachezwa kwenye kompyuta. Shida ni nafasi: CD moja hufika MB 700, DVD ya kawaida ya PS2 hufika GB 4.7. Dawa ni CHD, muundo wa faili wa watu wa MAME, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta. Unabana data bila kuipunguza, na emyuleta (programu inayoigiza mashine ya gemu) inasoma faili hivyo hivyo, huhitaji kulifungua kwanza. Emyuleta za DuckStation (PS1), PCSX2 (PS2) na RetroArch zote zinalikubali.

1. Pakua MAME kwenye tovuti yao, toa humo chdman.exe tu, ndiyo inayobana, iweke kwenye folda ya gemu zako.

2. Kagua .cue kabla ya yote. Gemu ya PS1 huwa na .bin, yenye data, na .cue, kifaili kidogo cha maandishi. Ifungue kwa Notepad, mstari wa kwanza utasomeka hivi:

`FILE "gemu.bin" BINARY`

Jina hilo lazima lifanane na la .bin herufi kwa herufi. Vijana wengi wanaoniletea flashi wamebadilisha jina la .bin wakaisahau .cue, halafu wanasema programu ni mbovu. Rekebisha, hifadhi.

3. Bonyeza sehemu ya anwani juu ya folda, andika cmd, gonga Enter. Kwenye dirisha litakalofunguka andika:

`chdman createcd -i gemu.cue -o gemu.chd`

Ingiza .cue, usiingize .bin. Gemu zenye muziki wa CD zina treki kadhaa, na .cue ndiyo inayojua kila treki inaanzia wapi. Kama gemu ni nyingi, ziache zijipange zenyewe:

`for %i in (*.cue) do chdman createcd -i "%i" -o "%~ni.chd"`

ISO (faili moja lenye nakala ya diski nzima) ya DVD ya PS2 inatumia createdvd badala ya createcd. Angalia mgongo wa diski: wa bluu ni CD, huo unarudi kwenye createcd.

Umeme ukikatika katikati, lile faili nusu ni takataka. Ukirudia amri, chdman itagoma kwa sababu faili lipo tayari. Lifute, au ongeza -f mwishoni.

4. Usifute .bin bado. Hakiki:

`chdman verify -i gemu.chd`

Kisha icheze dakika chache. Ukiitaka .bin tena baadaye, extractcd inairudisha.

5. Gemu ya CD zaidi ya moja, mfano Final Fantasy VII yenye CD 3, itengenezee faili la maandishi lenye majina ya CHD zote, kila moja mstari wake, ulihifadhi kama .m3u. Ndilo unalofungua kwenye emyuleta, na kubadilisha CD kunafanyika kwenye menyu.

Za GameCube usizihangaikie na chdman. Dolphin, emyuleta ya GameCube, haisomi CHD. Ina muundo wake, RVZ, na kazi hiyo inafanyika ndani ya Dolphin yenyewe.